Mwalimu Kutoka Mbinguni

Mwaka 1978, nikiwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, si mbali na magofu ya Engaruka, mgeni mmoja wa Kizungu alipiga hema karibu na uwanja wetu wa mpira akakaa siku nne. Alikuja kutazama magofu. Siku ya kuondoka aliniachia kopo la kahawa, betri mbili za redio na vitabu viwili vya Kiingereza vyenye majalada laini yaliyokwisha kuchakaa. Kahawa haikumaliza mwezi. Vitabu ninavyo hadi leo hapa nyumbani Maji ya Chai, na ndivyo ninavyokusudia kuvizungumzia katika kurasa hizi, kwa kuwa kimoja kilinifurahisha na kingine kilinipotosha, na miaka mingi ilipita kabla sijatambua kwamba vyote viwili vilikuwa vikisema jambo lile lile.

Cha kwanza ni riwaya ya Arthur C. Clarke iitwayo 2001: A Space Odyssey. Cha pili ni kile cha Erich von Däniken, Mswisi aliyekuwa meneja wa hoteli, ambacho kwa Kiingereza hujulikana kama Chariots of the Gods. Vyote vilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1968, wakati mimi nikiwa chuo cha ualimu nikijifunza kuandika ubaoni bila mstari kupanda mlima. Clarke alisema waziwazi kwamba anatunga. Von Däniken alidai kwamba anafichua ukweli. Tofauti hiyo si ndogo, na sipendi ipotee katika maneno yatakayofuata.

Kwa msomaji asiyevizoea vitabu vya aina hii, nieleze kwa ufupi jinsi vinavyokwenda. Watu wanachimba. Pengine wanachimba reli, pengine mgodi, pengine ni wataalamu wa mambo ya kale na brashi zao. Sururu inagonga kitu kigumu ambacho si mwamba. Kinafukuliwa chombo cha kusafiria angani, kimelala pale tangu kabla binadamu hajawa binadamu. Anaitwa profesa, wanaitwa askari, na profesa na askari hawapatani. Kitu kinaamka, watu wanakufa, na mwishoni tunaambiwa siri ya asili yetu.

Mfano ulio safi kuliko yote ninaoufahamu ni Quatermass and the Pit, mchezo wa televisheni wa Nigel Kneale ulioonyeshwa Uingereza mwishoni mwa mwaka 1958 na mwanzoni mwa 1959, kisha ukafanywa filamu mwaka 1967. Katika filamu hiyo mafundi wanaopanua stesheni ya treni ya chini ya ardhi mjini London wanakuta mafuvu ya viumbe mfano wa sokwe, ya miaka milioni tano, na baada ya hapo chombo chenyewe, na ndani yake mizoga ya wadudu wakubwa kama panzi waliotoka sayari ya Mirihi. Inabainika kwamba panzi hao ndio waliozitengeneza upya akili za mababu zetu. Mjukuu wangu alinionyesha filamu hiyo kwenye kompyuta yake, na nakiri kwamba kuku walichelewa kufungiwa jioni ile. Ni kazi nzuri ya kutisha. Kilichonikaa rohoni, hata hivyo, ni tarehe. Miezi sita hivi baada ya mchezo ule kumalizika katika televisheni, yaani tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliona mfupa umejitokeza kwenye mteremko kule Olduvai, mkoani kwetu, akafukua fuvu la Zinjanthropus, la miaka kama 1,750,000. Fuvu la kweli lilitoka katika udongo wa kweli, na pembeni yake hapakuwa na panzi. Palikuwa na mawe yaliyochongwa.

Turudi kwa Clarke, kwa kuwa katika kundi hili lote yeye ndiye fundi. Sura zake za mwanzo ziko Afrika, miaka milioni tatu iliyopita, katika ukame usiokwisha. Kiongozi wa kundi la viumbe nusu nyani nusu mtu, ambaye mwandishi anamwita Moon-Watcher, yaani Mtazama Mwezi, anaamka na kukuta mzee mmoja amekufa usiku. Mzee yule ni baba yake, lakini hajui, maana ujuzi wa kumjua baba bado haujakuwapo duniani. Anauburuta mwili nje, anauacha kwa fisi, na anaendelea kutafuta matunda. Niliposoma ukurasa ule nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo. Na sijapata kusoma maelezo ya njaa yaliyo sahihi zaidi ya haya ya kundi linalokufa njaa huku limezungukwa na nyama inayotembea kwa miguu minne, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri kwamba swala anaweza kuliwa.

Kisha linakuja jiwe. Katika filamu ya Stanley Kubrick ni bamba jeusi. Katika kitabu ni bamba angavu kama kioo, refu mara tatu ya kimo cha Mtazama Mwezi. Limewekwa hapo usiku mmoja na wenye akili kutoka mbali, ambao hatuonyeshwi hata kivuli chao. Nalo linaanza kufundisha.

Hapa ndipo ninapoachana na mwandishi. Nimekagua masomo mengi katika maisha yangu, basi msomaji aniwie radhi nikilikagua na hili, kwa vipengele vile vile nilivyovitumia kwa walimu wa mazoezi. Zana za kufundishia ni bora kabisa: zipo picha zinazotembea, zipo rangi, ipo sauti kama ya ngoma inayowavuta wanafunzi kutoka porini. Udhibiti wa darasa hauna mfano, kwa maana darasa zima limepumbazwa. Ushiriki wa wanafunzi ndio tatizo. Jiwe linaingia vichwani mwao na kuvichezesha viungo vyao kama mtu avaaye glavu. Mmoja anafungishwa mafundo ya majani. Mwingine anatupishwa mawe kwenye shabaha, na akikosa anarudishwa kutupa tena, pasipo yeye mwenyewe kujua kwamba anatupa. Hakuna anayeuliza swali. Hakuna anayemtazama mwenzake kuona amefanyaje. Anaonyeshwa picha ya familia iliyonona na kushiba, ili aione familia yake kuwa duni, na kutokana na kuona aibu ndipo atake kubadilika. Sisi tuliofundishwa ualimu miaka ile tulikaririshwa kwamba somo huanzia kwenye linalojulikana na kwendea lisilojulikana. Jiwe halikuuliza hata siku moja ni kitu gani kinajulikana.

Na matokeo ya somo ni haya: mwanafunzi bora anamuua nguruwe kwa jiwe, kisha kundi linamuua chui, kisha anamuua kiongozi wa kundi jirani ng'ambo ya kijito. Clarke hakukwepa jambo hilo, na ninamheshimu kwa hilo. Lakini haonekani kushangaa kwamba somo lililotolewa kwa namna ile limezaa matunda yale.

Labda utasema ninamhukumu mtunzi kwa sheria za shule. Mjukuu wangu, ambaye anasomea uhandisi, alisema hivyo hivyo. "Babu, hiyo ni hadithi tu." Nilimjibu kwamba hadithi inayotuambia akili ilianzaje si hadithi tu, na ikiwa imetungwa kwa uhodari mkubwa basi inahitaji msomaji mkali zaidi. Hakukubali, na nitalieleza neno lake mbele kidogo, kwa kuwa lina uzito.

Mwaka 1997 Clarke alitoa kitabu cha mwisho cha mfululizo huo, 3001: The Final Odyssey, na humo anaeleza mahali lilipokuja kufukuliwa lile jiwe la kwanza: Olduvai. Kwa hiyo si mimi ninayelileta jambo hili mkoani Arusha. Mwandishi mwenyewe, ambaye alikuwa ameishi Sri Lanka tangu mwaka 1956, alichagua bonde letu, na sababu inaeleweka, maana pale ndipo Leakey na mkewe waliwafundisha watu wote duniani kutazama. Isipokuwa mtu anayekwenda Olduvai kwa miguu yake, badala ya kwenda kwa kitabu, anakuta ushahidi wa namna nyingine kabisa. Jina lenyewe linatokana na neno la Kimaasai oldupai, yaani mkonge wa porini uliojaa kule bondeni. Na kilichojaa ardhini ni mawe. Yapo mawe mazuri yaliyochongwa sawasawa, lakini kando yake kuna vibanzi vingi sana, yaani vipande vilivyoruka fundi alipokuwa akigonga, na mawe yaliyogongwa vibaya yakatupwa. Tunachokanyaga kule ni madaftari ya mazoezi, yamejaa makosa.

Niliwapeleka huko wanafunzi wa darasa la saba mwaka 1981, kwa lori la kukodi, tukarudi vumbi tupu. Kesho yake wavulana walijikusanya nyuma ya jiko la shule wakaanza kugonganisha mawe. Waligonga asubuhi nzima wakati wa kazi za mikono, nami nikawaacha. Mmoja alijiponda kidole gumba. Mwingine alilalamika kwamba mawe ya kwetu hayafai, ya Olduvai ndiyo yanayofaa. Adhuhuri mtoto mmoja mfupi, ambaye katika hesabu alikuwa wa mwisho, alipata kibanzi chenye makali, akaenda kwenye uzio akakata jani la mkonge kwa mikato mitatu. Wenzake walimzunguka. Hakusema kitu, alilishika tena jiwe lake na kuwaonyesha pembe aliyoligongea. Hadi saa nane watoto saba au wanane walikuwa wanaweza. Huo ndio ukaguzi ambao jiwe la Clarke lilipaswa kuupita, na haliupiti.

Hata kwa hesabu ya miaka limechelewa. Mwaka 2015 wataalamu walitangaza zana za mawe zilizofukuliwa Lomekwi, magharibi ya Ziwa Turkana nchini Kenya, za miaka milioni 3.3. Jiwe la kitabuni linashuka miaka milioni tatu iliyopita, na linakuta somo lake limekwisha kufundishwa zamani. Nyuma zaidi, Laetoli, kusini ya Olduvai, ziko nyayo zilizovumbuliwa mwaka 1978, za viumbe waliopita katika majivu ya volkano yapata miaka milioni 3.6 iliyopita, wima kwa miguu miwili, mikono mitupu. Majivu yale yalihifadhi hata alama za matone ya mvua. Kama kuna chombo kilichotua jirani, hakikuacha alama.

Nikitaja filamu, siwezi kunyamazia jambo moja ambalo huwa linanichekesha. Wanyama wanaozunguka-zunguka katikati ya mababu zetu katika filamu ya Kubrick ni tapiri, wenye pua mfano wa mkonga mfupi, ambao makao yao ni Amerika ya Kusini na Asia ya Kusini-Mashariki. Afrika hawapo. Michezo ile ilipigwa studio Uingereza na mandhari ya nyuma ni picha zilizopigwa Namibia. Fedha nyingi zilitumika kuionyesha asili ya mwanadamu, na hakukuwa na mtu wa kuuliza ngiri anafananaje. Hapa Meru tunawafahamu watengenezaji filamu; Hatari! ya John Wayne, iliyotoka mwaka 1962, ilipigwa hapo juu Momella, nao angalau waliwafukuza vifaru wa kweli.

Sisi wa umri wangu hadithi za aina hii tulionjeshwa mapema, tukiwa shule ya kati, kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson ya riwaya ya Rider Haggard. Ndani yake ipo barabara kuu ya kale na masanamu makubwa ya mawe, na Waafrika wanaoishi hapo ni walinzi tu wa vitu vilivyofanywa na wengine. Tafsiri ilitoka mwaka 1929. Mwaka huo huo Bibi Gertrude Caton-Thompson alichimba Zimbabwe Kuu akathibitisha kwamba kuta zile zilijengwa na Waafrika, kinyume cha walivyosema akina Carl Mauch tangu mwaka 1871, waliomtaja Malkia wa Sheba. Sisi tulipewa tafsiri. Matokeo ya uchimbaji hatukupewa. Watu wa von Däniken hawakufanya lolote zaidi ya kumwondoa Sulemani na kuweka roketi mahali pake.

Na hapa inanibidi niseme langu.

Kitabu cha von Däniken nilikisoma kwa siku mbili, kwa taa ya chemli. Kinauliza maswali tu, ukurasa baada ya ukurasa: nani aliyeweza kuyainua mawe ya piramidi, nani aliyechora mistari ya Nazca, nani aliyesimamisha sanamu za Kisiwa cha Pasaka. Kila swali limeulizwa kwa namna ambayo jibu la kawaida linaonekana la kipumbavu. Nilikuwa na umri wa miaka 30, nimechoka na kukariri kwamba sisi tulitawaliwa, tukanyonywa, tukakombolewa, na hapo nikapewa jambo kubwa kuliko historia yote. Nilipofumba kitabu nilitazama nje, na huko nje yalikuwapo magofu.

Engaruka, kwa asiyepajua, ni mabaki ya kijiji na mashamba ya kale chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Viko vijiji saba vilivyojengwa kwa ngazi za mawe mteremkoni, na chini yake mashamba yaliyopangwa kwa kuta za mawe katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 20, na mifereji iliyosakafiwa kwa mawe ikichukua maji kutoka mito inayoshuka ukingoni. Walilima mtama, mbegu zake zilizoungua zimepatikana. Walikaa hapo tangu kama karne ya 15 wakaondoka katika karne ya 18, yaelekea baada ya maji kupungua. Louis Leakey alipafika mwaka 1935, na baada yake wataalamu wengine wamepachimba na kupaandika. Nyongeza ya kwamba waliopajenga walitoka mbinguni haikuwa ya wataalamu hao. Ilikuwa yangu.

Nilimwambia kijana mmoja, mwalimu wa mazoezi aliyeletwa shuleni kwetu mwaka 1979. Nilimwazima kitabu. Nilimshawishi atengeneze somo. Alikuwa na kipaji cha kuchora, akachora ubaoni chombo cha moto kikishuka juu ya ukingo, na chini yake mifereji iking'aa. Mimi nilikaa nyuma ya darasa na fomu yangu. Watoto walitulia kama maji mtungini. Kisha msichana mmoja wa darasa la sita alinyoosha mkono akasema, "Mwalimu, na mfereji wa baba, nao ulichimbwa na nani?"

Watu wa Engaruka wa leo nao hulima kwa mifereji, kutoka mto ule ule. Swali lile lilikuwa ndilo somo zima. Kijana akamwambia akae chini, maana tulikuwa tunazungumza mambo ya kale. Akanitazama kule nyuma, nami nikatikisa kichwa kuafiki.

Jambo linalonitia aibu zaidi ni kwamba mimi ni Mmeru. Nimezaliwa kwenye mifereji. Babu yangu alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakipanda mlimani kila kabla ya masika kuziba mfereji ulipobomoka, na katika utoto wangu niliamshwa usiku wa manane kwenda kufungulia maji zamu yetu ilipofika, jembe begani, nikiogopa chui. Nilijua kwa mikono yangu jinsi maji yanavyoshawishiwa kupita ubavuni mwa mlima: mahali pa kuweka jiwe, mahali pa kuweka udongo na mgomba. Nikayasahau hayo yote kwa ajili ya kitabu chenye picha ya roketi.

Ndiyo maana nasema Clarke na von Däniken ni wamoja kwa jambo hili moja tu. Mmoja muungwana, msanii, anayemtendea msomaji haki, mwingine la. Wote wawili hawawezi kuamini kwamba mtu asiye na kitu, asiye na mwalimu, anaweza kukaa na jiwe na tatizo mpaka alitatue. Clarke, kwa haki yake, hakutuonea sisi peke yetu. Katika riwaya yake binadamu wote, London na Moscow pamoja, ni wanafunzi wa jiwe. Unyonge anaougawa ni wa wote sawasawa. Von Däniken hana udhuru huo, wala mimi sina.

Mwenye haraka ya kusema kwamba hadithi za angani hazitufai sisi namwelekeza kwa Katama Mkangi wa Kenya, katika riwaya yake Walenisi ya mwaka 1995. Dzombo anahukumiwa na watawala wa nchi yake, anatiwa katika chombo cha angani ili afie huko, naye anajifunza kukiendesha, anafika sayari nyingine ambako watu wanaishi kwa haki. Jina la sayari ukilikata vipande linasema: wale ni sisi. Riwaya ina hotuba nyingi kuliko ninavyopenda, na baadhi ya wahusika wanazungumza kama waraka wa chama. Lakini tazama Mkangi alivyoligeuza jambo. Chombo hakikuja kutufundisha. Mfungwa amekishika usukani. Na aliowakuta huko si wakubwa zetu. Kwa upande mwingine Ian McDonald, katika riwaya iliyotoka mwaka huo huo, ameleta mimea ya ajabu kutoka angani ikatua Kilimanjaro na kuanza kutambaa nchi kavu, na mimea hiyo akaiita Chaga, kwa jina la wenyeji. Mke wangu, mzaliwa wa Machame, alipoelezwa hayo aliuliza tu kama mimea hiyo inastahimili kiangazi.

Sasa neno la mjukuu wangu. Alisema, "Babu, mimi nilipenda uhandisi kwa sababu ya hadithi hizo. Hakuna aliyenifurahisha kwa mfereji." Sikuwa na jibu la haraka. Tulikuwa tumekaa barazani. Ng'ambo ya barabara watoto walikuwa wakiteka maji kijitoni, maji yale ya rangi ya chai yaliyokipa kijiji hiki jina. Wageni wakiona meno ya kahawia ya watoto wetu hudhani ni uchafu. Ni floraidi, ambayo maji huichukua katika miamba ya volkano ya Meru. Hilo nimelifundisha miaka mingi, kwa usahihi, kwa maneno makavu, na simkumbuki hata mtoto mmoja aliyetulia kama walivyotulia wale wa Engaruka mbele ya chombo cha moto. Mjukuu wangu hakukosea. Hadithi ya kweli ya mfereji ina usiku, ina chui, ina ugomvi wa zamu na mtu aliyeanguka gengeni, na sisi tuliokuwa nayo tuliitoa kama orodha ya mazao ya biashara. Nafasi tuliyoiacha wazi ndiyo waliyoiingia akina von Däniken.

Mwaka jana, kwenye mazishi kule Kikatiti, mzee mmoja mwenye mvi alinijia akainamisha kichwa. "Shikamoo, Mwalimu Mkuu." Nilimwitikia bila kumtambua. Ni yule kijana wa mazoezi, naye amekwisha kustaafu. Tulikaa chini ya mgomba tukala wali wetu. Aliniambia kwa furaha kwamba lile somo la Engaruka alilifundisha miaka kumi na mmoja, kila shule aliyohamishiwa, na lilipendwa kila mahali. "Wewe ndiye uliyenipa moyo," alisema. Nikamwuliza kama anamkumbuka yule msichana aliyeuliza habari ya mfereji wa baba yake.

"Msichana gani, Mwalimu?"

Niliporudi nyumbani nilifungua sanduku la mabati ninamohifadhi karatasi za kazi. Nakala ya kaboni ya fomu ile imo, wino wa buluu umefifia lakini unasomeka, na mwandiko ni wangu. Mahali pa Maoni ya Mwalimu Mkuu nimeandika: "Somo limewasisimua wanafunzi. Mchoro mzuri, sauti nzuri. Mwanafunzi mmoja aliuliza swali lililo nje ya mada, na mwalimu alimnyamazisha kwa utaratibu unaofaa. A."